Sare ya Zambarau Ibaki Zambarau: Rangi ya Video Kutoka Kamera Hadi Runinga ya Mteja

Malalamiko ya mteja huja kwa sura moja. Umeshuti kwaya huko Murungu, sare za zambarau zimekolea, migomba ya kijani nyuma yao, na chini ule udongo mwekundu wa Kibondo usiofichika. Umehariri, umerenda, umemkabidhi mwalimu wa kwaya flashi yake. Jioni simu inaita: "Fundi, hizi sare mbona zimepauka? Sisi tulishona zambarau." Unafungua faili lile lile kwenye laptopu yako na zambarau unaiona. Wengi wakifika hapo hurudi kwenye programu, huongeza ukolezi wa rangi kwa kubahatisha, hurenda upya, na safari hii nyuso za wanakwaya zinatoka nyekundu.

Subiri kwanza. Mara nyingi kurenda hakujaharibu kitu. Faili la video hubeba namba, pamoja na lebo chache zinazoeleza namba hizo zisomwe kwa kanuni ipi. Kamera iliandika kwa kanuni fulani, programu ikasoma kwa yake, pleya na runinga nazo zina zake. Kanuni zikipishana popote njiani, rangi inabadilika bila hata namba moja kuguswa. Anza kwa kujua ilibadilikia wapi. Marekebisho yatafuata, tena huenda yasihitajike kabisa.

Kipimo cha kumjua mkosaji

Chukua kipande cha sekunde 10 hivi kutoka kwenye kazi yako, chenye kitu cheusi (suti ya bwana harusi inafaa), kitu cheupe (shela au kanzu), ngozi ya mtu, na rangi kali kama kitenge. Kiweke kwenye taimulaini mpya isiyo na kitu: hakuna LUT, hakuna madoido, hakuna marekebisho. Kirende kwa mpangilio ule ule unaotumia kwa wateja. Sasa lirudishe faili lililorendwa ndani ya mradi, uliweke juu ya kipande cha asili, fremu kwa fremu, halafu kwenye tabaka la juu chagua namna ya kuchanganya picha iitwayo Difference. Premiere, DaVinci Resolve na Edius zote zinayo.

Programu inatoa namba za picha moja kwenye namba za nyingine. Zikilingana, skrini inakuwa nyeusi. Utaona chembechembe hafifu kwenye kingo za vitu. Hizo zinatokana na kubana faili na hazina neno. Skrini ikiwa nyeusi, kurenda hakuna hatia, na mkosaji yuko mbele: pleya, waya wa HDMI, au runinga yenyewe. Lakini ukiona umbo la watu limejitokeza lote kwa kijivu au kwa rangi fulani, basi kuna mpangilio ndani ya programu unaogeuza namba wakati wa kutoa faili.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Hakikuambii kama programu ilisoma faili la kamera sawasawa tangu mwanzo, maana kosa la kusoma likiwepo litakuwa kwenye tabaka zote mbili na kujifuta. Kwa hilo unahitaji programu ndogo ya bure iitwayo MediaInfo. Fungua faili la kamera ndani yake, chagua mwonekano wa maelezo marefu, utafute mistari minne: Color range, Color primaries, Transfer characteristics na Matrix coefficients. Fanya hivyo kwa kila kamera na kila simu iliyoshiriki kwenye shughuli, uandike majibu kwenye daftari. Ni kazi ya mara moja, kwa sababu kifaa hakibadilishi tabia yake hadi uguse mipangilio yake.

Ukikuta BT.709 kwenye mistari mitatu na Limited kwenye ule wa kwanza, huna wasiwasi. BT.709 ndiyo kanuni ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, kwa video ya HD tangu 1990, na karibu kila runinga na pleya huitarajia. Ukikuta BT.601, hiyo ni kanuni ya mwaka 1982, ya zama za DVD na kanda. BT.2020 ni ya 2012, na kwa kazi zetu humaanisha kuna mtu ameshuti kwa HDR. Mistari ikiwa haipo kabisa, programu itakisia, na kwa kawaida hukisia kwa kutazama ukubwa wa picha: ndogo huitwa 601, kubwa huitwa 709. Ukisio huo ukikosea, nyekundu na kijani ndizo huumia kwanza.

Nyeusi ambayo si nyeusi

Chanzo kikubwa kuliko vyote cha rangi kupauka au kuwa nzito ni upeo wa namba, na hapa inafaa kutulia.

Kwenye video ya biti 8 kila pikseli ina namba ya mwanga kati ya 0 na 255. Lakini televisheni tangu zamani haitumii zote. Nyeusi imewekwa kwenye 16 na nyeupe kwenye 235, nafasi ya juu na chini ikaachwa kama akiba. Huo ndio upeo finyu, Limited. Kompyuta na kamera za picha za mnato zilizoea upeo kamili, Full, ambapo nyeusi ni 0 na nyeupe ni 255. Kamera za Canon za kizazi cha 550D na 600D, ambazo bado zinazunguka sana kwenye harusi zetu, huandika video kwa upeo kamili, na baadhi ya simu za Android hufanya hivyo hivyo.

Faili la upeo finyu likisomwa kana kwamba ni kamili, nyeusi ya 16 inabaki 16, yaani kijivu, na nyeupe ya 235 haifiki nyeupe. Picha nzima inaonekana kama imepitiwa na vumbi la barabara ya Kasulu mwezi wa nane. Hayo ndiyo "mbona zimepauka" ya mwalimu wa kwaya. Ikiwa kinyume, faili la upeo kamili likasomwa kama finyu, kila kilicho chini ya 16 kinazama na kuwa nyeusi tupu, kila kilicho juu ya 235 kinaungua. Suti ya bwana harusi inapoteza mikunjo na kola, shela inabaki bapa. Watu wenye ngozi nyeusi sana ndio huumia zaidi, kwa sababu maelezo ya uso wao, mstari wa shavu, kivuli cha chini ya macho, yanakaa katika namba hizo za chini zinazokatwa. Mpiga video wa Ulaya anaweza kuishi na kosa hili mwaka mzima asiligundue. Sisi huku huligundua kwenye harusi ya kwanza.

Dawa yake ni kuiambia programu ukweli kuhusu kila kifaa. Kwenye DaVinci Resolve, bofya kipande kwa kitufe cha kulia, ingia Clip Attributes, utaona Data Levels yenye Auto, Video na Full. Auto ikikosea, chagua mwenyewe kwa kufuata daftari lako. Kwenye Shotcut mpangilio huo uko kwenye sifa za kipande. Wakati wa kutoa faili, toa kwa upeo finyu na lebo za BT.709, hata kama kamera iliandika kwa upeo kamili, kwa sababu runinga ya mteja inatarajia hivyo. Kuna mafundi wanaochagua Full wakiamini "kamili" ni ubora zaidi. Mteja hapati ubora wowote hapo.

Baada ya kurenda, lipitishe faili la mwisho kwenye MediaInfo pia. Lebo zikiwa tupu, rudi kwenye mipangilio ya kutolea. Kwenye Resolve ziko upande wa Deliver, chini ya Advanced Settings, zikiitwa Color Space Tag na Gamma Tag.

Simu ya shemeji

Siku hizi hakuna shughuli isiyo na video za simu. Shemeji alikuwa mbele na iPhone yake, akanasa chozi la mama bibi harusi ambalo wewe ulilikosa, na kamati inataka liingie. Unaliweka kwenye taimulaini, uso wa mama unang'aa mweupe, taa za ukumbi zimeungua.

Kuanzia iPhone 12 ya mwaka 2020, simu hizo hushuti HDR kwa kawaida, ndani ya BT.2020 na kwa mkunjo wa mwanga uitwao HLG, uliobuniwa na BBC ya Uingereza na NHK ya Japani. Taimulaini yako ni ya BT.709. Namba za dunia moja zinasomwa kwa kanuni ya nyingine. Suluhisho la kwanza ni kabla ya shughuli: waombe watu wa karibu waingie Settings, Camera, Record Video, wazime HDR Video. Suluhisho la pili ni kwenye programu. Premiere za karibuni zinaweza kuushusha mwanga huo zenyewe ukiruhusu Auto Tone Map, na Resolve hufanya hivyo ukiwasha usimamizi wa rangi na kutaja kipande kuwa Rec.2100 HLG. Usihangaike kukirekebisha kwa mkono. CapCut nayo, ukitoa kazi kwenye iPhone, ina kitufe cha Smart HDR. Kizime kama kazi inaenda kwenye runinga za kawaida.

Wale wa S-Log, C-Log na V-Log wanajijua. Nitasema moja tu: kamera ya biti 8 kwenye Log, ndani ya kanisa lenye dirisha dogo, itakupa chembe na mistari kwenye ukuta. Shuti picha ya kawaida ulale usingizi.

Na kama wewe ni wa Blender, fahamu kwamba mradi mpya wa kawaida huja na View Transform ya Filmic tangu toleo la 2.80 la 2019, na AgX tangu 4.0 la 2023. Zote zimetengenezwa kwa ajili ya picha za pande tatu, na zikipakwa juu ya video iliyokwisha kushutiwa, rangi hulegea. Ingia kwenye sifa za Render, Color Management, weka Standard. Tatizo limekwisha.

Turubai la bluu

Kuna rangi zinazopotea kabla faili halijazaliwa, na hizo hakuna mpangilio wa kurenda utakaozirudisha. Kijijini sherehe hufanyika chini ya turubai, na turubai mara nyingi ni la bluu, au la njano, au vipande vya rangi zote mbili vimeunganishwa. Jua la saa saba linapita juu yake na kila aliye chini anapakwa rangi yake. Ukiacha waiti balansi ijiamulie, kamera itahangaika: ikielekezwa kwa wazee chini ya bluu inachagua hivi, ikigeuka kwa vijana waliosimama juani inachagua vile, na rangi inatembea katikati ya fremu ukitazama.

Zima otomatiki. Shika kadi ya kijivu mahali walipokaa maharusi, mwanga ule ule, upime hapo. Karatasi ya A4 inaweza kusaidia ukikosa kadi, ila karatasi nyingi zimetiwa kemikali za kung'arisha zinazovuta kwenye bluu, kwa hiyo usiiamini kupita kiasi. Kila kamera ipime kadi ile ile, dakika ile ile, na kila moja irekodi sekunde tano za kadi hiyo mwanzoni. Sekunde hizo ndizo zitakazokuwezesha kulinganisha kamera baadaye bila kubishana na macho yako.

Hata hivyo kadi haina nguvu zote. Bluu ya turubai huzuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu isifike kwenye ngozi, na kilichokosekana kwenye biti 8 hakivutiki: ukivuta nyekundu, unavuta chembe. Zungumza na MC na kamati mapema. Waombe meza ya maharusi ikae ukingoni, ambapo mwanga wa nje unaingia kwa ubavu, au turubai jeupe liwe juu yao tu na yale ya rangi yawafunike wageni. Kwa uzoefu wangu wazee hawakatai ukieleza kwamba bibi harusi atatoka bluu.

Ukumbini usiku shida ni nyingine. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kuzima kwa mwendo unaofuata umeme huo. Shuti fremu 25, na shata iwe 1/50 au 1/100. Ukiweka 1/60 utaona mawimbi ya mwanga na rangi yakipanda kwenye ukuta, na hayo pia mteja huita "rangi imebadilika". Umeme ukikatika na jenereta ikichukua zamu, mizunguko haikai 50 sawasawa, kwa hiyo angalia skrini ya kamera upya na usogeze shata kidogo kidogo ikiwa kamera inaruhusu.

Rudi kwenye zile sare. Zambarau ni rangi ngumu. Kamera mbili za kampuni tofauti zinaweza kuisoma moja kama bluu na nyingine kama damu ya mzee, wakati kwa nyeupe na kijivu zinakubaliana kabisa. Kwa kwaya, iwe ya Kianglikana pale Kasulu kwenye makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika au ya Kipentekoste huko vijijini, omba kwa fundi cherehani kipande cha kitambaa kilichobaki. Kipande cha kiganja kinatosha. Kitasimama mezani kwako wakati wa kuhariri, karibu na dirisha mchana, na utaacha kutegemea kumbukumbu. Kisha rekebisha zambarau peke yake, kwa kuichagua kwa rangi, bila kuigusa ngozi.

Macho yako na skrini yako

Laptopu nyingi za bei ya kati zina paneli inayoonyesha asilimia 45 ya NTSC, ambayo ni takribani theluthi mbili ya rangi za sRGB. Yaani kitenge unachokiona kimepoa huenda kwenye simu ya mteja kinawaka. Kwenye Windows zima Night Light, weka mwangaza wa skrini mahali pamoja, usihariri dirisha likiwa mgongoni pa skrini. Zaidi ya hapo amini vipimo: wevufomu kwa nyeusi na nyeupe, vektaskopu kwa rangi. Ngozi za watu, za rangi ya maji ya kunde hata nyeusi tii, huangukia karibu na mstari mmoja kwenye vektaskopu, ule uliochorwa kati ya nyekundu na njano. Nyuso zikiwa kwenye mstari huo na skrini yako inakuambia ni za kijani, skrini ndiyo inadanganya.

Anayetumia Mac atakutana na kisa chake: QuickTime huonyesha faili lile lile la BT.709 kama limepauka kidogo kuliko ndani ya programu, kwa sababu inatumia mkunjo mwingine wa gama. Usilirekebishe faili kumfurahisha QuickTime. Mteja wako ana runinga.

Na runinga hiyo ndiyo shahidi wa mwisho. Kabla ya kukabidhi, chomeka flashi kwenye runinga ya kawaida utazame mwenyewe. Ukitumia laptopu kwa HDMI, picha ikitoka ya kijivu au nzito kupita kiasi, tazama upeo: kwenye mipangilio ya kadi ya NVIDIA kuna Output dynamic range, na kwenye runinga za Samsung na LG kuna mpangilio wa Black Level. Pande zote mbili zikubaliane. Halafu mwambie mteja aitoe runinga kwenye Vivid au Dynamic, mahali wauzaji huiacha ili ing'ae dukani, aweke Standard au Movie.

WhatsApp hubana video upya na rangi kali hupata madoa. Itume kama Document. Tangu 2022 inapokea faili hadi GB 2. Kwa YouTube, HD ya fremu 25 inatosha kwa megabiti 8 kwa sekunde, ambayo ni MB 60 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano ni MB 300, upangie bando.

Imebaki kazi moja inayoongezeka sana, ya kwaya zinazotaka VCD na DVD zao za miaka ya 2000 zipandishwe YouTube. DVD za PAL ni pikseli 720 kwa 576 na ziko kwenye BT.601. Zikikuzwa hadi HD bila kugeuzwa kanuni, nyekundu huelekea chungwa na kijani huwa kizito, na watu husema diski imezeeka wakati diski haina kosa. Nakili diski nzima kwanza na uiweke kando. Itambulishe kwenye programu kama 601, toa kama 709, halafu fungua ya zamani na mpya kwenye VLC madirisha mawili kwa pamoja. Zikipishana, kagua kwanza utambulisho wa 601 kabla hujagusa kitufe chochote cha rangi.